Kitasa cha Daktari Langare

Krr. Kisha kimya. Krr-krr. Kimya tena.

Hiyo ndiyo sauti iliyonipokea asubuhi yangu ya kwanza katika kliniki ya viungo, kabla sijaona uso wa mgonjwa hata mmoja. Mlango ulikuwa umefungwa, na nje yake mtu alikuwa akipambana na kitasa. Nikainuka nikamfungulie, kwa sababu mama yangu hakunilea kumwacha mtu mlangoni. Daktari alikuwa ameinama mezani akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Akasema bila kuinua kichwa, "Kaa, sista. Sikiliza."

"Nisikilize nini, daktari? Mtu anahangaika."

"Anahangaika vipi?"

Nikasema moyoni, ya Rabi, nimetolewa wodi ya wazazi nikaletwa kwa kichaa. Krr. Kimya. Halafu kitu kizito kikaegemea ubao, kitasa kikazunguka polepole, na mlango ukafunguka. Aliingia mwanamke mrefu mwenye hijabu ya rangi ya udongo, mikono yake bado imekishika kitasa katikati ya viganja viwili, namna mtu anavyobeba bakuli la maziwa ya moto.

"Umesikia?" daktari akaninong'oneza, uso umemng'aa kama mtoto aliyepewa mfupa wenye uboho. "Vidole havishiki. Ametumia viganja, kisha bega. Na bado hajaketi."

Mwanamke huyo aliitwa Dahabo. Shikeni jina hilo, kwa sababu ni kwa ajili yake nimekubali kuandika.

Nyinyi madaktari vijana mliniletea ujumbe mzuri sana. Mlisema mnaandaa sherehe ya kumtukuza daktari bingwa wetu wa viungo, kwamba kutakuwa na hema, keki na wageni wa heshima, na kwamba mimi niliyekuwa nesi wake mpaka tukastaafu pamoja niandike ukurasa mmoja wa maneno mazuri. Mmoja wenu akaongeza, "Mama, huyo buda ni mnoma, tunataka watu wajue." Maneno mazuri mtayapata kwa waheshimiwa, watakuja nayo mengi kuliko viti. Mimi nitawaandikia niliyoyaona. Mkichukia, keki ni yenu, nami sukari nimekatazwa.

Kwanza jina. Jina lake la kwenye kadi ya mwaliko hakuna mtu Garissa aliyelitumia. Sisi Wasomali tukikukuta na sikio kubwa tunakuita Sikio, ukiwa na jicho moja tunakuita Jicho, tena mbele yako, na ukinuna tunakuona mgeni. Yeye alishuka kutoka kwao bara, kule milimani wanakolala na blanketi mbili, akaingia wodini akichechemea. Kabla ya adhuhuri alikuwa Langare, yaani mwenye kuchechemea. Daktari wa viungo anayechechemea! Wazee walikuja kliniki bila maumivu yoyote ili wamwone tu, wacheke, warudi nyumbani wakiwa na nafuu.

Na unajua alichechemea kwa nini? Jongo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinamvimba kwa sababu ya nyama, yaani ule ugonjwa hasa aliokuwa akiwakataza wengine kuukaribisha. Aliwaambia wagonjwa wapunguze nyama nyekundu, waache maini na figo, wanywe maji. Saa sita na nusu ungemkuta nyuma ya jengo la maabara, ubavu wa mbuzi mkononi, amejificha nyuma ya tangi la maji. Nikimfuma husema, "Sista, huu ni utafiti." Nikimuuliza utafiti gani, husema, "Wa kujua wagonjwa wanashawishika kiasi gani." Kesho yake mguu umevimba, kiatu hakiingii, anakuja kazini na ndara moja. Kisomali chake, baada ya miaka yote hiyo, kilitosha kuuliza "panauma wapi" na kuomba nyongeza ya mchuzi.

Sasa kitasa. Kilikuwa cha shaba, cha mviringo, kile cha kuzungusha. Hospitali nzima ilikwisha kuwekewa vishikio virefu vya kubonyeza, ambavyo hata mbuzi anaweza kufungua kwa pembe, na kuna mbuzi waliofungua. Kila fundi alipokuja na bisibisi kwenye mlango wetu, Langare alimfukuza. Kitasa kile kilikuwa mashine yake. Kwanza alisikia mgonjwa anavyotembea kwenye korido, mguu upi unaburuzwa, anasimama wapi kupumzika. Kisha alisikiliza kitasa. Mtu wa baridi yabisi asubuhi vidole vyake ni kama matawi makavu. Atakizungusha nusu, atakiachia, atajaribu tena. Mwenye maumivu ya bega atakizungusha vizuri lakini mlango hautasukumika. Na mwenye kuja kuomba karatasi ya kutokwenda kazini alikifungua kwa nguvu kama askari, ndipo akumbuke kuugua akishaingia ndani.

"Mashine hii haitaki umeme," alikuwa akisema. "Ikija hitilafu, ni mimi nimekuwa kiziwi."

Alikuwa na mashine nyingine pia: salamu. Mwanamume akiingia, Langare alimpa mkono na kubana vifundo vya vidole kidogo tu huku akimtazama machoni. Aliyeruka alikuwa amejibu swali la kwanza. Lakini wanawake wetu hawampi mkono mwanamume asiye wao, na nusu kubwa ya wagonjwa wake walikuwa wanawake. Ndiyo sababu aliniomba kutoka wodi ya wazazi. Nilikuwa mkono wake. Mimi nilibana, yeye akatazama uso. Mwanzoni nilibana kama ninayekamua ngamia, mama mmoja akanitukana ukoo wangu wote mpaka nikamheshimu kwa ufasaha. Langare akanifundisha: bana kama unavyojaribu embe sokoni ukijua mwenye embe anakutazama.

Na alama za moto. Mnaziona hata leo kwa wazee, zile duara ndogo za kuchomwa kwa kijiti chenye kaa. Nimewaona baadhi yenu mkizitazama na kuguna, mkiuliza kwa ukali, "Nani alikuchoma hivi?" Acheni. Langare alizisoma kama mtu anayesoma barabara. Kovu jeupe la zamani gotini, kovu la waridi kifundoni mwa mkono: basi maumivu yalianzia chini, yakapanda, na hayakumwacha. Aliuliza, "Hili lilikuja kabla ya mvua ipi?" na mgonjwa akajua anaongea na mtu, si na koti jeupe.

Haya, Dahabo.

Alikuwa muuza chai katika soko la mifugo. Mume alikwenda kusini na lori la mbuzi akaonelea huko kuna mke mzuri zaidi, basi chai ndiyo iliyolea mabinti zake. Chupa kubwa za chai, anjera za asubuhi, ile mikate yetu myembamba, birika jeusi lenye mpini wa waya. Aliketi mbele yetu akaweka mikono mapajani, vifundo vimevimba, vinang'aa, na akaniambia kwa lugha yetu, "Abaayo, dada yangu, asubuhi binti yangu ananifunga hijabu. Jana nimeangusha birika. Watu wa soko wamecheka, kisha wameacha kucheka. Hilo la pili ndilo limenileta."

Nikamtafsiria. Langare akaacha kuandika. Akaniambia nimwambie kwamba ugonjwa wake una jina na una dawa, na kwamba tukiuwahi atamimina chai mpaka awe bibi. Dahabo akauliza, "Anasema kweli au anasema kama madaktari?" Nikasema, "Anasema kweli, ila hospitali nzima inasema usimwamini kuhusu nyama."

Dawa yenyewe mnaijua. Vidonge vidogo vya njano, vinavyonywewa mara moja kwa wiki. Mara moja. Ni dawa nzuri na ni dawa kali. Ukiinywa kila siku itakuchoma kuanzia mdomoni hadi ndani ya mifupa. Ndiyo maana tatizo la dawa ile halijawahi kuwa tumboni mwa mgonjwa, liko kwenye kalenda. Na mchungaji kalenda ya nini? Ngamia hajui Jumanne. Langare alipofika huku alihangaika sana na jambo hilo, kisha akagundua kwamba kila mchungaji, hata wa ndani kabisa, anaijua siku ya soko. Basi akawa anawaambia: siku ya soko, kunywa vya njano, siku inayofuata, kunywa vitamini. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Wageni walikuja kutoka Nairobi, wakaelezwa, wakapiga makofi. Langare alivaa tai siku hiyo. Tai ilikuwa na doa la mchuzi.

Kwa hiyo Dahabo aliposema anauza chai sokoni, daktari alifurahi. Mgonjwa aliyekaa ndani ya soko lenyewe! "Mwambie siku ya soko anywe vya njano, vyote vinne, na chai yake. Hawezi kusahau." Nikamwambia. Dahabo akarudia neno kwa neno, kama tunavyowataka warudie. Akatoka, mlango nikamfungia mimi.

Alipaswa kurudi kupimwa damu baada ya majuma machache. Alirudi kabla, amebebwa na ndugu zake kwenye mkeka. Hatukusikia kitasa siku hiyo, ndugu waliusukuma mlango kwa miguu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ndani ya mdomo pote vidonda, hawezi kumeza mate, homa, na madoa ya damu chini ya ngozi ya miguu. Langare alimtazama mara moja, nikaona rangi ikimtoka.

"Muulize amekunywa vipi."

Nikainama. Dahabo akaongea polepole, kila neno linamuuma. Alikuwa amekunywa siku ya soko, kama alivyoambiwa. Jumatano soko la Garissa. Jumamosi alipanda lori la wafanyabiashara kwenda soko la njia ya Liboi. Jumatatu soko dogo upande wa Sangailu. Muuza chai wa mifugo hakai na soko moja. Anafuata wanyama, na wanyama wanafuata wanunuzi. Siku ya soko kwake ilikuwa nusu ya maisha. Hakuikosa hata moja. Hatujawahi kupata mgonjwa mtiifu kuliko yeye.

Langare aliketi kitandani pembeni ya miguu yake, jambo ambalo nyinyi mnakatazwa na yeye mwenyewe aliwakataza wengine. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Sikumuuliza." Basi. Halafu akasimama, akawa daktari tena, na nikawaona wauguzi wakikimbia bila kuambiwa kimbieni. Dawa ikasimamishwa, akapewa ya kuikata makali, maji, damu. Langare alikaa naye wodini kama jamaa. Nyama hakuigusa siku zote hizo, na mguu wake ukapona kabisa, mpaka tukakosa jina la kumwita.

Dahabo akaanza kumeza uji. Ndipo wazee wakaja.

Mnajua kwetu mtu akiumizwa na mtu, jambo halimalizwi na kusema pole. Jino lina haki yake, kidole kina haki yake, na haki hiyo inatajwa mbele za watu. Adeer yake Dahabo, yaani baba yake mdogo, Mzee Gedi, alifika na wazee wenzake, mikeka, chupa za chai na msemaji. Yule msemaji nilimfahamu. Alikuwa amewahi kuongea tangu alfajiri hadi magharibi juu ya kisima, na mwisho wake walioshindwa walimshukuru. Wakaketi kwenye veranda ya kliniki. Mkuu wa hospitali akamvuta Langare pembeni, jasho linamtoka, akamwambia, "Usikubali lolote. Sema uchunguzi unaendelea."

Langare akatoka, akatembea hadi mkekani, akavua viatu, akaketi. Msemaji akakohoa, akarekebisha kilemba, akasema bismillahi. Kabla hajavuta pumzi ya pili Langare akasema, "Nimekosa mimi. Alifanya nilivyomwambia. Sikumuuliza wiki yake inakwendaje."

Nikatafsiri. Wazee wakatazamana. Msemaji akanitazama mimi kama mtu aliyeibiwa.

Mzee Gedi akainama mbele, akasema kwa Kiswahili chake, "Daktari. Hiyo si fizuri."

"Si vizuri vipi, mzee?"

"Wewe kubali haraka haraka. Sisi tumetoka mbali. Tumekuja na huyu," akamwonyesha msemaji, "huyu ni mtu mkubwa sana ya maneno. Sasa yeye ataongea nini? Tafadhali. Kataa kidogo."

"Nikatae?"

"Kidogo tu. Halafu sisi tutakushinda, halafu utakubali. Hifyo ndiyo heshima."

Wallahi, Langare alijaribu. Alifikiri, akasema, "Basi... pengine ilikuwa chai." Wazee wakaguna kwa furaha, msemaji akafufuka, akaongea. Akaongea juu ya mkono wa mwanamke unaolisha nyumba, juu ya mgeni aliyepewa kivuli na kupewa jina, juu ya mdomo ambao kazi yake ni kumsalimu Mungu na watoto. Ilikuwa nzuri mno, mimi nilitafsiri nikilia, na mkuu wa hospitali aliyesimama dirishani alipangusa macho kwa faili. Mwisho Langare akasema tena kwamba amekosa, na safari hii ikapokewa kwa utaratibu.

Wakaanza kuzungumzia mifugo. Ngamia jike, au mbuzi kadhaa? Hapo mlango wa wodi ukafunguliwa na Dahabo akatoka, ameshikiliwa na binti yake.

"Adeer, acha mifugo," akasema. Sauti yake ilikuwa bado na makwaruzo. "Mtanipa ngamia nimkamue kwa nini? Kwa meno?" Akainua mikono yake. Siku zote hizo bila dawa, vifundo vilikuwa vimerudi kuvimba, na vile vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kuinama upande. "Nataka hivi. Nataka kumimina chai yangu."

Nikamtafsiria daktari. Akasema taratibu kwamba dawa inayoweza kuviokoa ni ile ile ya njano, mara moja kwa wiki, na kwamba vidole haviwezi kungoja sana, vikishakunjika havinyooki.

Wazee wakapiga kelele. Ile sumu? Dahabo akamtazama Langare kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa katikati yao, na nawaambia nilikuwa na hofu. Kama angesema hapana, nani angemlaumu? Na mikono ile ingekwisha.

"Nimesikia," akasema mwishowe. "Nitaimeza. Lakini sitaichukua dirishani, wala sitaiweka nyumbani. Aniletee yeye mwenyewe, sokoni, Jumatano, mbele ya watu. Kama ni sumu, watu wamwone aliyenipa. Na akae pale anywe chai yangu mpaka iishe."

Mzee Gedi akapiga goti lake kwa kofi. "Imekwisha," akasema. Msemaji akataka kuongeza neno, akanyimwa.

Hivyo ndivyo daktari bingwa alivyoanza kwenda soko la mifugo kila Jumatano, vidonge vinne ndani ya mfuko wa shati. Mara ya kwanza nilikwenda naye. Vumbi, ngamia wanalalamika, mbuzi wanapita katikati ya miguu, na madalali wote wanajua habari. Mmoja akamshika Langare kidevu, akamfungua mdomo, akatangaza, "Meno mazuri, mguu mbaya! Nani ananunua?" Mwingine akajibu, "Ongeza nesi, tutaongea." Langare akacheka, akapita, akaketi juu ya dumu la maji mbele ya birika la Dahabo. Akaviweka vidonge juu ya kisahani, si mkononi mwake. Dahabo akavitazama. Watu wa soko wakasogea karibu, hata dalali yule. Akavimeza kimoja kimoja. Kisha akamwambia binti yake ammiminie daktari chai, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza, na akaweka sukari ya kutosha kumuua mtu kwa njia nyingine.

Jumatano iliyofuata tukakuta mzee anamngoja kwenye dumu, goti limevimba. Iliyofuata walikuwa wengi. Dalali aliyemfungua mdomo alikuja kimya kimya. Mnawajua madalali wanavyopatana bei kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, ili mtu mwingine asione. Vidole vyake vilikuwa havinyooki tena, na wanunuzi walihisi bei ambayo hakuitaja. Langare akaingiza mkono wake chini ya kitambaa, akabana taratibu, dalali akaruka. "Hapo," akasema Langare. "Umeniuzia ngamia."

Baadaye akaanza kuwaleta madaktari wa mafunzo. Walikuja na viatu vyeupe, masikini, wakaziba pua. Mmoja akauliza meza ya kuandikia iko wapi, akaonyeshwa mgongo wa punda. Aliwafundisha pale pale kutazama mtu anavyoinuka kutoka ardhini, anavyofunga kamba, anavyoshika kikombe. Na kabla ya yote, kila kundi jipya, aliwasimamisha mbele ya Dahabo na kusema, "Huyu mama nilimchoma mdomo. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, na nilikaribia kumuua, kwa sababu nilidhani wiki yangu ni wiki yake." Dahabo alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama bibi harusi anayesifiwa. Kisha aliwaambia kwa Kiswahili cha soko, "Yeye ni mbaya. Lakini anarudi."

Ndiyo maana mnasikia wakubwa wenu, hata walioko Mandera na kule Lafey, wakianza na swali lile: "Nieleze wiki yako, tangu Jumamosi." Wengi wenu mnadhani limetoka kitabuni. Limetoka kwenye dumu la maji.

Mikono ya Dahabo ilirudi polepole, jinsi nyasi zinavyorudi: huoni siku yoyote, kisha unaona. Kwanza alifunga hijabu mwenyewe. Kisha Jumatano moja akamsukuma binti yake pembeni kwa kiwiko, akakamata birika jeusi kwa mpini wa waya, akammiminia Langare chai. Nyingine ilimwagika kwenye suruali ya daktari. Langare hakufuta. Vidole viwili vya mwisho vilibaki vimeinama kidogo. Dahabo alisema hivyo ni vya kumkumbuka daktari.

Sasa nimalize, magoti yananiambia niinuke.

Siku ya Langare kustaafu hatukufanya sherehe. Alikataa. Tulikaa tu ndani ya chumba kile cha kliniki, mimi, madaktari wa mafunzo wamebanana kwenye kitanda cha wagonjwa, na Dahabo aliyekuja na chupa yake ya chai na nyirinyiri, ile nyama kavu ya kwenye samli ambayo daktari alikuwa amekatazwa kabisa. Aliila yote. Alisema ni utafiti wa mwisho. Akatuambia maneno machache, mengi yakiwa kuhusu nani amechukua kalamu yake. Akavaa kofia, akatupungia mkono, akachechemea hadi mlangoni.

Krr. Kisha kimya.

Tukatazamana. Krr-krr. Kimya.

Msisahau kwamba alikuwa amebana mikono ya watu maisha yake yote. Vidole gumba vyake vilikuwa vimekwisha zamani, nasi tulijua na hatukuthubutu kumwambia. Kijana mmoja akataka kuinuka. Nikamvuta koti.

Langare akageuka, amekunja uso. "Mbona mmekaa tu? Mnangoja nini?"

"Tunasikiliza, daktari," nikasema.

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, na yeye akajaribu kukasirika akashindwa, akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango, mabega yanamtikisika. Wala sijui hadi leo kama yote yale yalikuwa kicheko.

Dahabo ndiye aliyeinuka. Akaweka kikombe chini, akapangusa mkono kwa upindo wa hijabu, akakishika kitasa kwa vidole vyake, vitatu vilivyonyooka na viwili vilivyoinama, akakizungusha mara moja. Hakikulia. Mlango ukafunguka, na joto la Garissa likaingia lote kwa pamoja.

"Haye, Langare, toka," akasema. "Vumbi linaingia kwenye chai."

Akatoka. Dahabo akausukuma mlango nyuma yake kwa mkono ule ule, akakizungusha kitasa mpaka mwisho, ukafungika.